Sura ya Tano: Kupe Yupi?

Mchukue kupe jike wa bluu kutoka ubavuni mwa ng'ombe wa Tanga au Kwale, mtie kwenye spiriti, mlaze chali chini ya hadubini, kisha umtazame mdomoni. Katikati ya palpi zake mbili fupi pametokeza chombo kigumu kiitwacho haipostomu, ambacho ndicho anachokizamisha ngozini anapong'ang'ania. Upande wake wa chini una meno madogo yaliyoelekea nyuma, yamejipanga safu kwa safu. Hesabu safu hizo. Ukikuta tatu kila upande wa mstari wa katikati, huyo ni Rhipicephalus decoloratus, kupe wa bluu wa Afrika tangu asili. Ukikuta nne, huyo ni Rhipicephalus microplus, ambaye wazazi wake walivuka bahari kutoka Asia pamoja na ng'ombe.

Kwa macho matupu wawili hawa hawatofautishiki. Wana rangi moja, umbo moja, na hukaa sehemu zile zile za mwili. Lakini decoloratus hueneza Babesia bigemina, vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu ambao wafugaji wengi wameuzoea na mara nyingi huwahi kuutibu. Microplus hueneza hao, na juu yao huleta Babesia bovis, ambao hufanya chembe za damu zinate kwenye mishipa midogo ya ubongo. Ng'ombe huyumba, hupiga mateke hovyo, huanguka, na pengine hufa kabla mkojo wake haujabadilika rangi. Isitoshe, duniani kote microplus anajulikana kwa wepesi wake wa kuzoea dawa za josho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nchini Tanzania mgeni huyu ameenea sana na kwamba katika maeneo mengi amemsukuma nje mwenyeji. Mfugaji anayelalamika kwamba dawa ya mwaka huu haina nguvu huenda hajauziwa dawa mbovu hata kidogo. Huenda zizini mwake spishi moja imeondoka na nyingine imeingia, wala hakuna aliyehesabu meno.

Sura hii inahusu kazi hiyo ya kuhesabu meno, kupima ngao, kufuatilia mifereji tumboni, na kumpa kila kiumbe jina lake na ukoo wake. Wataalamu huiita uainishaji. Nashikilia kwamba kwa mfugaji wa Afrika Mashariki hakuna tawi la biolojia lenye faida ya karibu zaidi kuliko hili, na inaniuma kuona linavyopuuzwa katika vyuo vyetu, likiachiwa wazee wachache wanaostaafu bila kurithisha macho yao.

Tuanze na ukoo. Kupe si mdudu kwa maana ya kisayansi. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Kupe mkubwa ana miguu minane, na mwili wake wote umeungana kuwa kipande kimoja. Jike aliyeshiba hufanana na mbegu ya mbarika. Ni yule mchanga tu, aliyetoka kwenye yai, anayetembea kwa miguu sita, na jozi ya nne humwotea akishajivua gamba. Hii inamweka katika ngeli ya arakinida, pamoja na buibui na nge, na ndani ya ngeli hiyo yumo katika kundi la Akari, yaani utitiri. Kwa maneno mengine, kupe ni utitiri aliyekua mwili na kuishi kwa damu. Spishi za kupe zinazojulikana ni kama 900. Za utitiri kwa jumla zilizokwisha kupewa majina zinapita 50,000, na hakuna mtaalamu anayedhani hesabu hiyo inakaribia mwisho, kwa sababu kila shamba, kila unyoya wa ndege na kila kiganja cha udongo wa msituni kina wake.

Kundi hilo kubwa hugawanywa mara mbili, na hapa ndipo msomaji anapopata mshangao. Upande mmoja kuna Akariformesi: utitiri wa upele wa binadamu, utitiri wa unga, utitiri wa vumbi la godoro unaowaletea watu pumu, utitiri mwekundu wa nyanya, na utitiri wa kijani wa muhogo. Upande wa pili kuna Parasitiformesi: kupe wote, utitiri mwekundu anayenyonya kuku usiku, Varroa anayeangamiza nyuki, na utitiri wengi wawindaji. Kwa hiyo utitiri wa kuku ana undugu wa karibu zaidi na kupe wa ng'ombe kuliko alio nao na utitiri wa upele, ingawa kwa macho tungewaweka wale wadogo wawili pamoja na kumtenga kupe. Baadhi ya wanaosoma vinasaba wanafika mbali zaidi wakisema pande hizi mbili hazikutoka kwa mzazi mmoja wa karibu, na kwamba Akari ni jina tu la viumbe wadogo waliofanana kwa kuwa wadogo. Wengine, kwa vinasaba hivyo hivyo, wanawaunganisha tena. Mjadala bado ni mkali.

Kwenye jani la muhogo pande hizo mbili hukutana ana kwa ana. Utitiri wa kijani, Mononychellus tanajoa, aliingia Uganda kutoka Amerika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa katika ukanda mzima wa muhogo barani. Wanasayansi walileta utitiri wawindaji kutoka Colombia, na wakafa. Waliofaulu ni wale waliotoka kaskazini-mashariki mwa Brazili, na hodari kuliko wote ni Typhlodromalus aripo, aliyeachiwa nchini Benin mwaka 1993. Mchana hujificha kwenye kichomozi cha juu cha mmea, usiku hushuka majanini kuwinda. Wawindaji hawa wote ni wadogo, rangi ya maziwa, na hutofautishwa kwa nywele za mgongoni: ziko ngapi, ziko wapi, na urefu wake. Bila mtu wa kusoma nywele hizo, kazi nzima ya kuchagua mwindaji anayefaa isingefanyika.

Aliyeanza kuwapanga viumbe hawa katika utaratibu tunaoufuata hadi leo ni Carl Linnaeus wa Uswidi. Katika toleo la kumi la Systema Naturae, mwaka 1758, aliwatia kupe na utitiri wote katika jenasi moja, Acarus, yenye spishi zipatazo 30, na akaiweka miongoni mwa wadudu wasio na mabawa. Lamarck ndiye aliyewatoa huko, mwaka 1801, alipowatenga arakinida na wadudu. Lakini kosa lililogharimu ngozi za watu lilikuwa dogo kuliko hilo. Linnaeus aliweka utitiri wa unga na jibini, na utitiri wa upele, chini ya jina moja: Acarus siro.

Upele ulikuwa umeshaelezwa vizuri kabla yake. Mwaka 1687, huko Livorno, daktari Giovan Cosimo Bonomo na mfamasia Diacinto Cestoni walimwandikia mwanasayansi Francesco Redi barua wakieleza jinsi akina mama walivyokuwa wakiwatoa utitiri kwa ncha ya sindano kwenye mikono ya watoto wao wenye upele. Waliwachora chini ya hadubini, wakaona hata yai likitoka. Huo ulikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza ya binadamu kuonyeshwa wazi kwamba yanaletwa na kiumbe hai fulani. Madaktari wakubwa wa Ulaya hawakuwasikiliza. Waliendelea kusema upele ni damu chafu, na jina la Linnaeus halikusaidia, kwa kuwa lilimfanya utitiri wa upele aonekane ni yule yule wa ghala aliyepotea njia. Charles De Geer aliwatenganisha mwaka 1778, lakini wachache walimsoma.

Kisha likaja jambo la Paris. Mwaka 1812 mfamasia Jean Chrysanthe Galès wa hospitali ya Saint-Louis alitangaza kwamba amemwona utitiri wa upele kwa wagonjwa, akachapisha na mchoro. Wengine walitafuta kama yeye wasipate kitu, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakaanza kusema utitiri wa upele hayupo kabisa. Mwaka 1829 François-Vincent Raspail aliuchunguza mchoro ule akaonyesha kwamba aliyechorwa ni utitiri wa jibini. Hoja yake ilikuwa ya uainishaji mtupu: umbo la miguu, mpangilio wa nywele. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci, ambaye kwao alikuwa amewaona wanawake wakifanya kazi hii, alisimama mbele ya madaktari hospitalini humo na kuwaonyesha mahali pa kuchokoa. Hawachokoi kwenye kipele chenyewe. Hufuata mstari mwembamba unaotoka hapo, na mwishoni mwake ndipo anapokutwa Sarcoptes scabiei. Maarifa ya akina mama wa Livorno yalichukua miaka 147 kukubaliwa hospitalini.

Turudi kwa kupe. Wamegawanyika katika familia tatu. Ixodidae, kupe wagumu, ndio wale wa ng'ombe, mbuzi na mbwa. Wana ngao mgongoni: kwa dume inafunika mgongo wote, kwa jike inafunika sehemu ya mbele tu, na ndiyo maana jike anaweza kuvimba mara nyingi zaidi ya alivyokuwa ilhali dume habadiliki sana. Argasidae, kupe laini, ndio papasi. Hawana ngao, ngozi yao ni ya mikunjo, na mdomo wao umefichwa chini ya mwili, hivyo ukimtazama kwa juu huuoni. Familia ya tatu ina spishi moja tu iliyo hai, Nuttalliella namaqua, iliyoelezwa na Bedford mwaka 1931 kutoka Namaqualand, Afrika Kusini. Ina mdomo wa mbele kama kupe wagumu, lakini ngozi yake ni ya mikunjo na hunywa damu upesi kama papasi. Kwa miongo mingi ilijulikana kwa vielelezo vichache mno, na mwaka 1976 ilitangazwa kupatikana Tanzania pia. Majike hai walipopatikana Afrika Kusini na kuchunguzwa, katika utafiti wa mwaka 2011, ilidhihirika kwamba ndiye aliye karibu zaidi na shina la ukoo mzima wa kupe, na kwamba hunyonya mijusi. Mtu anayependa historia ya uhai hana budi kufurahi kwamba kiumbe wa namna hiyo yupo katika ardhi yetu.

Ndani ya kupe wagumu, mgawanyo wa kwanza unasomwa tumboni. Mgeuze kupe chali utafute tundu la haja. Pana mfereji unaolizunguka. Ukipita mbele ya tundu, huyo ni wa jenasi ya Ixodes. Ukipita nyuma yake, au usipoonekana, ni wa kundi lile lingine lenye karibu kupe wote wa mifugo yetu. Baada ya hapo mtazame mdomo. Palpi ndefu na ngao yenye marangi ni Amblyomma, anayeleta ugonjwa wa maji moyo. Palpi ndefu pamoja na miguu yenye pete nyeupe ni Hyalomma. Palpi fupi na shina la mdomo lenye pembe sita ni Rhipicephalus, na hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa Rhipicephalus ni wengi, wote wa kahawia, na kati yao yumo yule aliyeua ng'ombe wa Afrika Mashariki kuliko kupe mwingine yeyote.

Huyo ni kupe wa sikio wa kahawia, Rhipicephalus appendiculatus, aliyepewa jina na Neumann wa Toulouse mwaka 1901. Ndiye mwenezaji wa ndigana kali. Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, akaona kwenye damu ya ng'ombe vimelea vidogo sana, akavichukulia kuwa ni hatua changa ya vimelea vya homa ya Texas, yaani ugonjwa ule ule wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye ng'ombe wa Afrika Mashariki walisafirishwa kusini baada ya mifugo ya huko kumalizwa na sotoka na vita, nao wakafika na maradhi ambayo hakuna aliyeyajua. Ng'ombe walikufa kwa maelfu. Koch aliitwa Rhodesia mwaka 1903, akaanza kwa kumtuhumu kupe wa bluu, kwa kuwa homa ya Texas huenezwa na jamaa zake wa karibu. Aliyemfichua kupe wa sikio ni Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Cape, na mwaka 1904 Arnold Theiler akavipa vimelea vile jina lao wenyewe, parvum. Jenasi waliyopewa mwaka 1907 ni Theileria.

Tofauti ya kupe hawa wawili inafika moja kwa moja kwenye ratiba ya josho. Kupe wa bluu hupanda ng'ombe akiwa mchanga, akajivua magamba yote mawili papo hapo mgongoni, akashuka baada ya wiki tatu hivi kwenda kutaga. Kwa kuwa maisha yake yote ni ya mnyama mmoja, vimelea vya Babesia havina njia ya kufika kwa ng'ombe mwingine isipokuwa kupitia mayai: mama huwarithisha watoto wake. Ukiogesha kila baada ya wiki tatu, kwa hesabu unamkuta kila mmoja wao. Kupe wa sikio hupanda mnyama mmoja akiwa lava, akashiba kwa siku chache na kushuka. Hupanda wa pili akiwa nimfu, akashuka. Hupanda wa tatu akiwa mkubwa. Sehemu kubwa ya umri wake ameimaliza kwenye majani. Theileria haipiti kwenye mayai. Hupatikana katika mlo mmoja na kutolewa katika mlo unaofuata, tena inahitaji siku kadhaa za kupe kunyonya kabla haijakomaa kwenye tezi zake za mate. Ndiyo maana kwenye maeneo ya ndigana kali waliogesha mara mbili kwa wiki, wamuue kabla siku hizo hazijatimia. Anayetumia ratiba ya kupe wa bluu dhidi ya kupe wa sikio anapoteza fedha na ndama kwa pamoja.

Kazi ya kuwajua wa kwetu ilifanywa na watu wachache, na kati yao namheshimu zaidi Jane Walker, aliyekuwa Muguga nje ya Nairobi kabla ya kuhamia Onderstepoort, Afrika Kusini. Mwaka 1967, akiwa na G. H. Yeoman, alitoa kitabu cha kupe wagumu wa Tanzania, na mwaka 1974 akatoa cha Kenya. Kitabu kama hicho cha Uganda, cha Matthysse na Colbo, kilitoka mwaka 1987. Mwaka 1981 Walker na wenzake wawili waligundua kwamba sehemu ya waliokuwa wakiitwa appendiculatus katika mabonde yenye joto na ukame ya kusini mwa Afrika ni spishi nyingine, wakaiita Rhipicephalus zambeziensis. Ramani za kupe wa sikio zilizochorwa kabla ya hapo zilipaswa kuangaliwa upya.

Majina nayo hubeba kumbukumbu. Appendiculatus huandikwa na jina la Neumann bila mabano. Kupe wa punda milia huandikwa Rhipicephalus pulchellus (Gerstäcker, 1873), na mabano yale yanasema kwamba Gerstäcker, alipowaeleza viumbe waliokusanywa na msafara wa von der Decken huku Afrika Mashariki, alimweka katika jenasi nyingine, Dermacentor. Yaliyompata kupe wa bluu ni makubwa zaidi. Alikuwa na jenasi yake, Boophilus, tangu Curtice alipoianzisha mwaka 1891, na kila daktari wa mifugo alijifunza jina hilo chuoni. Vinasaba vilionyesha kwamba kupe hawa ni tawi ndani ya Rhipicephalus, si ndugu wa pembeni, na mwaka 2003 Murrell na Barker wakawahamishia huko. Wako waliolalamika kwamba watu wa shambani watachanganyikiwa. Naliona lalamiko hilo lina uzito, lakini siungi mkono kulitii: jina linaloficha undugu wa kweli litampotosha mtafiti wa dawa au chanjo muda mrefu baada ya usumbufu wa kujifunza jipya kwisha.

Mahali ambapo majina yamesumbua zaidi ni kwa papasi. Yule wa nyumba za udongo, anayetoka nyufani usiku, akanyonya kwa nusu saa hivi na kurudi, aliitwa Ornithodoros moubata tangu mwaka 1877. Mwaka 1904 Ross na Milne nchini Uganda, na kwa wakati ule ule Dutton na Todd huko Congo, walionyesha kwamba ndiye anayeleta homa ya papasi. Joseph Everett Dutton aliambukizwa ugonjwa huo akiwa kazini, akafa Kasongo mwezi Februari 1905, na bakteria wake wanaitwa Borrelia duttonii hadi leo. Kwa miongo sita kila papasi wa namna ile, awe wa kitandani, wa shimo la ngiri au wa shimo la nungunungu, aliandikwa moubata. Mwaka 1962 G. A. Walton, baada ya kazi ndefu Afrika Mashariki, alimgawa. Wa mashimo ya ngiri wakawa Ornithodoros porcinus, pamoja na aina yao iliyohamia majumbani. Wa nungunungu wakawa O. apertus, wengine wakawa O. compactus; na jina moubata likabaki kwa waliostahili.

Si wote waliomfuata mara moja. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walichapisha ugunduzi mkubwa: virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vimo ndani ya papasi waliotolewa kwenye mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Miaka iliyofuata walionyesha kwamba papasi hao huvirithisha kupitia mayai, na hata huambukizana wanapopandana, hivyo shimo la ngiri huweza kutunza virusi bila nguruwe kuonekana. Kichwa cha ripoti yao ya 1969 kinamtaja Ornithodoros moubata. Anayeisoma leo akitaka kujua ni papasi gani wa kuwatafuta karibu na banda la nguruwe lazima aweke kando jina lililoandikwa pale, afuate mashimo, na asome porcinus.